Kijana Asiyegusa Mpira

Msichana wa Kimarekani aliyepanga chumba kwangu Observatory alikuja Johannesburg kwa ajili ya Kiswahili. Sisemi kujifunza, kwa sababu alikuwa anakijua kabla hajaja, tena kile cha vitabuni, kilichonyooshwa kwa pasi. Alikuwa anasomea uzamivu, na chuo kimoja cha Braamfontein kilimpa dawati la kukalia. Kazi yake ilikuwa kusikiliza namna sisi wageni wa mji huu tunavyosemezana, Mkongo na Mtanzania, Mkenya na Mrundi, na namna maneno ya hapa yanavyojipenyeza katikati. Siku ya kwanza mezani aliniambia, "Tafadhali Mama, naomba unipatie chumvi." Nikampa, nikamwambia kwamba mtu wa nyumbani husema tu "nisogezee chumvi". Akarudia maneno yale kimyakimya, nikaona midomo yake ikicheza.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja mji huu nikiwa bibi harusi, nikazaa hapa, nikazikia hapa. Mume wangu alipofariki nyumba ilinizidi ukubwa, nikaanza kupangisha vyumba. Chumba cha uani anakaa mama mmoja wa Bukavu, msusi, mwenye kiti chake katika saluni ya Yeoville. Yeye ni Mkristo, Jumapili yake yote huishia kanisani. Lakini tumezoeana kiasi kwamba nikichelewa kuswali ndiye anayenikumbusha.

Ilikuwa Desemba, mji umeanza kupwaya kama unavyopwaya kila mwaka watu wakienda makwao. Msichana alikuwa haendi popote. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kimepelekwa kuongezwa muda, na alishauriwa asivuke mpaka hadi kitakaporudi. Mama wa Bukavu aliposikia alicheka, lakini kicheko cha mtu aliyewahi kungoja.

"Sasa uko mwenzetu," alimwambia.

Msichana alitabasamu, lakini siku zilizofuata alipungua maneno. Jioni moja nilikuwa nakanda unga wa sambusa jikoni, maana kazi yangu ni kupikia watu wenye shughuli, na Desemba shughuli haziishi. Akaja akaegemea friji. Nikamwuliza kama amegombana na mtu.

"Hapana, Mama. Mdogo wangu ana mechi."

"Kila siku si ana mechi?"

"Hii ndiyo ya mwisho. Baada ya hii hatacheza tena. Nilikuwa nimemwahidi nitakuwepo."

Ndipo akanieleza. Kwao, mpira wa vyuo ni jambo kubwa, watu hujaza viwanja kuwatazama wanafunzi. Mwishoni mwa mwaka vyuo vilivyofanya vizuri huitwa viwili viwili kucheza mechi moja tu ya kufungia msimu, na mechi hiyo wanaiita bakuli.

"Bakuli la kulia?" nikauliza.

"Bakuli hilohilo, Mama. Nadhani ni kwa sababu viwanja vya zamani vilikuwa na umbo la bakuli."

Chuo cha mdogo wake kilikuwa kidogo, katika mji wenye maghala ya mahindi na kituo cha treni, na kilialikwa dakika za mwisho kwa sababu chuo kingine kilikataa mwaliko. Wapinzani wao walikuwa chuo kikubwa, chenye uwanja unaoweza kumeza watu wote wa mji wa kina mdogo wake na nafasi ibaki. Wachezaji wa kule wana mpishi wao, daktari wao, hata kinyozi wao. Hakuna aliyekuwa anabishana nani atashinda. Watu walichobishana ni kwa pointi ngapi.

"Na yeye anacheza nafasi gani?" nikauliza, nikitegemea aniambie mshambuliaji.

"Anazuia."

"Kipa?"

"Hakuna kipa. Anasimama mbele ya mwenye mpira, anazuia wale wengine wasimfikie."

"Na akipewa mpira yeye?"

"Hapewi. Hiyo si kazi yake. Miaka minne yote hajaubeba hata mara moja." Akafikiri kidogo. "Akifanya kazi yake vizuri, hakuna anayemtaja. Akikosea, mwamuzi anatangaza namba yake uwanja mzima unasikia."

Niliacha kukanda, nikamwangalia. Nikamwambia aniambie siku na saa, tutaitazama pamoja, hapa sebuleni, na hatakuwa peke yake.

Siku yenyewe mechi ilianza jioni jua lingali juu, kwani kwao ilikuwa asubuhi. Aliunganisha kompyuta yake kwenye televisheni yangu kwa waya, picha ikatokea kubwa, ya kijani. Nilikuwa nimekaanga sambusa na bajia. Mama wa Bukavu alitoka saluni mapema, akaketi kwenye kochi miguu ameikunja, tayari kwa vita.

"Mupira iko wapi?" aliuliza baada ya muda.

"Ule pale, Mama, kahawia."

"Ile haiko mupira. Ile ni yai."

Msichana alicheka, ikawa mara ya kwanza kumsikia akicheka wiki ile. Akajaribu kutueleza. Timu inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Ikifaulu inapewa nyingine nne. Ikishindwa inawapa wenzao. Nikamwuliza kama ni raga tu iliyovaa kofia, maana raga mji huu hata asiyeitaka huijua. Akasema raga ni binamu, ila wao wanaruhusiwa kuurusha mpira mbele, na kila baada ya purukushani wanasimama wanapanga upya.

"Banasimama sana," Mama wa Bukavu alisema. "Mi naona banafanya mukutano kuliko kucheza."

Mdogo wake alivaa namba sabini na moja. Alikuwa kijana mnene wa shingo, wa pili kutoka kushoto katika mstari wa mbele, ameinama mkono mmoja umegusa nyasi. Mpira ulipoanza tu kusogea, macho yangu yaliufuata, na kijana akanipotea. Ikawa hivyo mara nyingi. Yai likiruka, mimi nami naruka nalo, nikirudi kumtafuta nakuta ameshainuka, anajifuta majani magotini.

"Usitazame mpira, Mama," msichana aliniambia kwa upole. "Mtazame yeye toka mwanzo mpaka mwisho. Ukisikia kelele, usigeuke."

Nikajaribu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani, kwani jicho lina tabia ya kwenda linakokwenda macho ya wengine. Lakini nilipoweza, nikaanza kuona mchezo mwingine kabisa chini ya ule uliokuwa unatangazwa. Mbele yake alisimama kijana wa chuo kikubwa, mrefu, mikono minene, nywele zake zimesukwa na kuchomoza nyuma ya kofia ngumu hadi mabegani. Kila mara wawili hawa waligongana vifua. Kila mara mmoja alitaka kupita na mwingine alitaka asipite. Watangazaji hawakusema lolote juu yao.

"Ile nywele imesukwa muzuri," Mama wa Bukavu alisema, ambaye kila kitu hukiona kwa jicho la saluni. "Angalia, mistari imenyooka. Yule ana mutu anamupenda."

Kipindi cha kwanza mdogo wake aliteseka. Yule mrefu alimzunguka mara mbili, akamfikia mrushaji mpira na kumwangusha chini. Mara ya pili namba sabini na moja ilitangazwa na mwamuzi, kwa kosa la kumshika mwenzake jezi. Msichana aliziba uso kwa mto wa kochi. Wakubwa walikuwa wanaongoza, si kwa mbali sana, lakini kwa namna ya mtu anayekula bila haraka akijua chakula ni chake.

Nilikaa nikimtazama yule kijana akirudi kupanga mstari, nikamkumbuka mume wangu. Alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi Randburg, miaka mingi, zamu za mchana na za usiku. Akirudi nilikuwa namwuliza, kazi ilikuwaje. Alijibu neno moja siku zote: "Hakikutokea kitu." Nilikuwa kijana, niliona ni jibu la kukwepa mazungumzo. Nilidhani ana kazi ya kusimama tu. Ilichukua muda kuelewa kwamba hakikutokea kitu kwa sababu alikuwa amesimama pale, na kwamba jibu lile lilikuwa namna yake ya kuniambia amefanya kazi vizuri. Wenye ofisi zile walipita mbele yake kila asubuhi, na sidhani kama wengi wangeweza kukwambia uso wake ulifananaje.

Mapumziko ya katikati yaliangukia Magharibi. Nikaenda chumbani kuswali. Nilipoinua mikono niliona haya kumwomba Mungu habari za mpira, tena mpira wa watu nisiowajua. Niliomba kijana asiumie. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwombea na yule mwenye nywele.

Niliporudi, mawingu yalikuwa yamejazana upande wa Yeoville, na ngurumo zikaanza, zile za Desemba za hapa ambazo hazibembelezi. Uwanjani, huko kwao, jua lilikuwa kali. Na kitu kilikuwa kimebadilika, hata mimi nisiyejua nilikiona. Wale wakubwa walikuwa wanachelewa kuinuka.

"Angalia mikono yao, Mama," msichana alisema. Alikuwa ameteremka kwenye kochi, amekaa sakafuni karibu na skrini. "Wameshika viuno. Wamechoka. Hawajazoea kusukumwa mpaka saa hizi, kwa kawaida mechi zao zinakuwa zimeshaisha."

Timu ndogo ilikuwa imeacha kurusha mpira. Kila mara walimpa mtu wao mmoja mfupi, akajibanza nyuma ya mstari wa kina sabini na moja, wakasukuma. Yadi tatu. Yadi nne. Haikuwa na uzuri wowote. Wakapata pointi. Wakubwa wakajibu kwa mpigo mmoja wa mbali, uwanja mzima ukasimama. Wadogo wakarudi kusukuma tena, wakapata pointi nyingine. Mama wa Bukavu alikuwa ameacha mzaha. Alikuwa anakula bajia bila kuangalia sahani.

Mvua ya mawe ilianza kupiga bati la uani, na mara nyumba ikawa giza. Televisheni ikazima, intaneti ikazima, hata taa ya barabarani.

"Eish," msichana alisema taratibu, kama mtu aliyezaliwa hapahapa.

Alikuwa bado na bando kwenye simu. Tukasogeana sote watatu kwenye sakafu, yeye katikati ameishika simu kwa mikono miwili, mimi na Mama wa Bukavu tumeegemeza vichwa vyetu kwenye mabega yake. Picha ilikuwa inakwama, inaendelea, inakwama. Namba hazikusomeka tena. Nilimjua mdogo wake kwa namna anavyoinama.

Dakika za mwisho zilipofika, wadogo walikuwa nyuma kwa pointi tatu, na walikuwa wamefika karibu kabisa na mstari wa mwisho wa wakubwa. Walikuwa wamejaribu mara tatu kuuvuka na kuzuiwa. Ilibaki nafasi ya nne.

"Sasa wanaweza kuupiga mpira kwa mguu," msichana alieleza. "Watapata tatu, watalingana, waongezewe muda. Hiyo ndiyo busara."

"Basi bapige," Mama wa Bukavu alisema.

Lakini mpigaji hakuingia uwanjani. Kocha wao, mzee mmoja mwenye miwani, aliinua mkono tu, na vijana walewale wakarudi kujipanga.

"Hawapigi," msichana alisema. "Mungu wangu, hawapigi. Wanataka zote sita, za kuvuka mstari."

"Watapita wapi?" nikamwuliza.

"Kwake. Watapita kwake. Siku nzima wamekuwa wanapita kwake."

Picha ikakwama. Nilisikia mvua, nikasikia Mama wa Bukavu akinong'ona sala yake kwa Kifaransa. Picha ikarudi. Wakainama. Sikuutazama mpira. Naweza kusema hivyo kwa haki, kwamba katika tukio kubwa kuliko yote ya jioni ile, mimi mpira sikuuona. Nilimwona kijana akiinuka kutoka chini, akaingia kifuani kwa yule mrefu chini ya mikono yake, akamnyanyua kidogo tu, kama unavyonyanyua mlango ulioshuka kwenye bawaba ili ufunguke. Miguu yake ilikuwa inakwenda kwa hatua fupifupi. Yule mrefu alirudi nyuma, akarudi tena, akaanguka chali, na kijana akaanguka juu yake. Kisha watu wakapita juu yao, na sikuona kitu tena.

Msichana hakupiga kelele. Aliweka simu chini sakafuni, uso wa kioo ukiwa juu, akajifunika uso kwa upande wa kanga yangu, na mabega yake yakawa yanatikisika. Ilibidi Mama wa Bukavu amwulize mara mbili kama wameshinda au wameshindwa.

"Wameshinda," alisema kutoka ndani ya kanga.

Nilimshika kichwa. Kwenye simu pale sakafuni vijana wa chuo kidogo walikuwa wanakimbia ovyo, wengine wamelala wanapiga nyasi kwa ngumi. Watangazaji walikuwa wanalirudia jina la yule mfupi aliyebeba mpira. Mimi nilikuwa namtafuta mwenye nywele. Picha ilimpata kwa muda mfupi: alikuwa ameketi palepale alipoangushwa, kofia ameivua, anatazama mbele. Nilimfikiria mama yake, mahali fulani, naye ana kioo mbele yake. Kisha mkono ukaingia kwenye picha, mnene, umefungwa bandeji vidoleni, ukamwinua.

"Ni yeye," msichana alisema. Alikuwa ameshatoa uso kwenye kanga. "Huo ni mkono wake."

Tulikula mabaki ya sambusa kwa mwanga wa mshumaa. Mvua ilikuwa imepungua. Alikula kuliko nilivyowahi kumwona akila, na alizungumza bila kusimama, akichanganya Kiswahili cha vitabuni na cha Bukavu na cha mtaani, wala hakuangalia kama amekosea. Alitusimulia jinsi mdogo wake alivyokuwa mtoto mwoga, aliyekuwa anajificha nyuma yake wakienda shule, na jinsi yeye alivyokuwa anawasukuma watoto wengine wasimfikie.

Simu ikaita. Alikuwa yeye, uso mwekundu, nyasi zimemganda kwenye kidevu, nyuma yake makelele. Walizungumza Kiingereza chao cha haraka, kisha akaigeuza simu kwangu.

"Anataka kukusalimia, Mama. Nimemwambia mlikaa na mimi mpaka mwisho."

Kiingereza changu kinanitosha sokoni na benki, lakini usiku ule sikukitaka. Nikamwambia dada yake atafsiri.

"Mwambie hongera. Mwambie mimi nilimtazama yeye tu, sijui hata nani aliubeba mpira."

Alipotafsiriwa, yule kijana alitazama pembeni. Akasugua pua yake kwa mkono ule wenye bandeji. Kisha akasema kitu kifupi.

"Anasema hajawahi kuambiwa hivyo na mtu ambaye si wa nyumbani kwao."

"Basi mwambie ameambiwa na wa nyumbani. Na mwulize, yule aliyemwangusha, alimwambia nini alipomwinua?"

Kijana alicheka. Dada yake naye akacheka kabla ya kutafsiri. Yule mrefu alikuwa amemwambia kwamba amemchosha kutwa nzima, na sasa aende zake, amwache apumzike.

Kibali cha msichana kilitoka mwezi wa nne, akaenda kwao wiki chache, akarudi kumalizia kazi. Alirudi na habari. Mdogo wake hakutakiwa na timu yoyote ya kulipwa, na hakuwa ametegemea. Alikuwa ameanza kazi kwa mjomba wao, ya kuezeka mapaa. Mwenye nywele ndiye aliyechukuliwa; yuko kwenye timu kubwa sasa, anaonekana kwenye televisheni, na Mama wa Bukavu akipata nafasi huomba atafutiwe picha zake. Anasema yule ni kijana wake, na kwamba msusi wa sasa hamtendei haki.

Tulikuwa tunamenya viazi msichana aliponieleza hayo. Nilimwuliza kama mdogo wake anaona uchungu, kwamba yeye ndiye aliyeshinda na mwenzake ndiye aliyeendelea.

"Nilimwuliza," alisema. "Anasema hapana. Anasema yule ni mzuri kuliko yeye, alijua tangu mwanzo. Ila jioni ile, mara ile moja, hakuwa mzuri kuliko yeye. Basi."

"Na mpira hautamani tena?"

"Anasema akili haiutamani. Mwili ndio unaamka asubuhi ukitaka kusukumana na mtu."

Nilifikiri juu ya mwili wa mtu juu ya paa, alfajiri, hauna wa kusukumana naye. Nikafikiri pia kwamba hiyo "mara ile moja" ni kitu cha kutosha kukaa nacho. Watu wengi hatupewi hata hiyo, au tunapewa na hakuna anayekuwa anatutazama.

"Ameoa?" nikamwuliza.

"Bado, Mama."

"Mwambie aje atembee. Chumba cha mbele kitakuwa wazi mwezi wa nane."

Akasema atamwambia, akachukua kiazi kingine.